Habari za Redio ya Taa Huko Zinga

Leo twataka kuwaelezeni habari za redio ya taa. Wengi wenu mmepata kuiona, pengine katika nyumba ya babu au katika duka la mtu auzaye vitu vikuukuu, lakini waliopata kuisikia ikisema ni wachache, na nywele zao ni nyeupe. Redio hiyo ilizitangulia hizi ndogo za mkononi. Ndani yake mna chupa za kioo zilizotolewa hewa, na redio inapofunguliwa chupa hizo hung'aa wekundu kwa ndani, kama makaa yanayokaribia kuzimika. Kwa sababu hiyo watu waliziita taa. Mafundi waliziita valvu. Sisi tutatumia majina yote mawili, maana kitu ni kile kile.

Redio tutakayoisimulia iko Zinga. Asiyepajua Zinga na ajue kwamba ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Bagamoyo. Mtu akitoka Dar es Salaam kwenda kaskazini, akapita Mapinga na Kerege, hukifikia kabla hajafika Mbegani na magofu ya Kaole. Huko tulikwenda kumjulia hali bibi mmoja, mama wa mwalimu mwenzetu. Tulipokwisha kuamkiana tukaketi barazani, na vikombe vya chai tulivyoletewa, kwa mastaajabu yetu, vilitolewa ndani ya redio.

Lilikuwa sanduku kubwa la mbao, la kusimama chini kama kabati, wala si la kuwekwa juu ya meza. Kimo chake chafika kifuani pa mtu mzima. Juu pana kioo chenye namba na majina ya miji, chini pana kitambaa cha spika kilichotobolewa na panya. Nyuma yake ni wazi, kwa kuwa waliolitengeneza waliacha nafasi ili joto la taa lipate kutoka. Basi katika nafasi hiyo bibi aliweka vikombe, visahani na birika ya wageni kwa miaka mingi.

Tulimwuliza, "Bibi, redio hii ilipata kusema?"

Akajibu, "Huko Dar es Salaam ilisema sana. Hapa Zinga, Mwalimu, haijasema hata neno moja. Marehemu aliniambia itasema siku umeme ukija. Haya, umeme umekuja, yeye hayupo."

Marehemu huyo, mumewe, alikuwa mpishi katika nyumba ya tajiri mmoja mjini. Mwaka 1961 tajiri alipofunga safari ya kurudi kwao alimwachia redio iwe bakhshishi yake. Naye akaifunga kwa magunia, akaipakia katika lori lililokuwa likienda Bagamoyo, akaishusha Zinga, mahali ambapo wakati ule hapakuwa na waya wa umeme hata mmoja. Jirani walimcheka. Baadaye wanawe walitaka kuipasua wapate mbao za banda la kuku, mama yao akakataa. Siku ile alituuliza neno moja tu: "Ninyi mliosoma, niambieni. Imekufa, au imenyamaza tu?"

Swali hilo hatukuweza kulijibu pale pale. Na ili ninyi nanyi mfahamu jinsi tulivyolijibu, hatuna budi kurudi nyuma kidogo na kueleza taa hizi zilitoka wapi.

Katika miaka ya 1880 Mmarekani Thomas Edison, yule aliyeshughulika sana na taa za umeme, aliona ajabu. Alitia kipande cha chuma ndani ya taa yake, mbali na uzi unaowaka, akaona umeme waruka kutoka uzi mpaka kile chuma, ingawa havigusani na kati yao hamna hata hewa. Aliandika jambo hilo, lakini hakulipatia kazi kubwa. Hata mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming akatambua kwamba umeme ule huenda upande mmoja tu wala haurudi, kama upepo unavyoingia katika mpira wa baiskeli usiweze kutoka. Ndiyo maana akaiita chupa yake valvu. Miaka miwili baadaye Mmarekani mwingine, Lee de Forest, akaweka kati ya uzi na bamba la chuma kitu cha tatu, nacho ni waya mwembamba uliosukwa kama wavu. Wavu huo huitwa gridi, na hapo ndipo redio ilipopata uhai.

Kazi ya gridi ni rahisi kuifahamu kwa mtu aliyepata kuyaona mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Bamvua inapojaa, bahari yote hulala nje ya kingo, ikingoja. Mtu mmoja, pengine mzee dhaifu, hukiinua kibao cha mlango kwa mkono mmoja, maji yakamiminika kwa nguvu ambayo watu ishirini wasingeweza kuizuia. Akikishusha kidogo, maji hupungua, akikiinua, huzidi. Nguvu za maji si zake, zake ni kibao tu. Basi wimbi la redio likifika kutoka mbali huwa limechoka mno, halina nguvu hata za kumtikisa mbu. Lakini nguvu hizo kidogo zatosha kukiinua na kukishusha kibao, yaani gridi, na umeme mwingi ulio ndani ya redio hupita kwa kuufuata mwendo ule ule. Valvu ya kwanza huikuza sauti na kuipa ya pili, ya pili huipa ya tatu, hata mwisho yatosha kuisukuma spika.

Katika nchi zetu habari zilipita kwanza kwa waya. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na mwaka 1890 waya mwingine ukavushwa kutoka Unguja mpaka Bagamoyo na Dar es Salaam. Kisha ikaja ile iliyoitwa simu ya upepo. Wajerumani walisimamisha mnara wake Dar es Salaam, na vita ya kwanza ilipoanza ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa: tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza, Astraea, iliutupia mizinga. Lakini simu ile ilipeleka alama za herufi tu kwa wenye kuzijua. Mtu kuketi kwake na kusikia mwenzake akinena kutoka mbali, jambo hilo lilianza kwetu mwaka 1928, ilipofunguliwa stesheni ya Nairobi. Nayo ilinena Kiingereza zaidi, maana walioanzishiwa ni walowezi. Vita ya pili ya dunia ndiyo iliyokifanya Kiswahili kisikike sana hewani. Vijana wa Afrika Mashariki walikuwa mbali, wengine huko Burma, na watu wa nyumbani walitaka habari zao. Basi matangazo ya Kiswahili yalitolewa Nairobi, na magari yenye spika kubwa yalipita katika miji na vijiji watu wapate kusikia.

Tanganyika ilipata stesheni yake tarehe 1 Julai 1951, ikajulikana kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka ule ule Unguja nayo ikaanza kutangaza. Watangazaji walipatikana, lakini wasikilizaji je? Hapa pana jambo ambalo watu hulisahau. Redio ya taa hula umeme mwingi, maana kila taa yataka kupashwa moto kwanza ndipo ifanye kazi. Redio kama ile ya Zinga hula wati 60 au zaidi, hata ikiwa inanong'ona tu. Mjini Dar es Salaam palikuwa na kampuni ya umeme iliyoitwa DARESCO tangu 1931. Nje ya miji mtu alihitaji betri za namna mbili, moja ya kupasha taa moto na nyingine kubwa ya kuendesha sauti, na gharama yake iliwashinda walio wengi.

Waliojaribu kulitatua jambo hili ni watu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Bwana mmoja wa idara ya habari huko Lusaka, Harry Franklin, aliwatafuta wenye viwanda Uingereza wamtengenezee redio ndogo ya taa nne kwa ajili ya mwananchi wa kawaida, na kampuni ya Ever Ready ikakubali. Ilitoka mwaka 1949. Mwili wake ulikuwa wa aluminiamu, wa mviringo kama sufuria, ukapakwa rangi ya buluu, na kweli watu waliiita sufuria. Bei yake ilikuwa pauni tano, na betri yake pauni moja na shilingi tano. Kwa mpishi wa Dar es Salaam hata hiyo ilikuwa mali.

Lakini huku nyuma, mwezi wa Desemba 1947, wataalamu watatu wa Marekani, Bardeen, Brattain na Shockley, walikuwa wamekwisha kuvumbua transista, kipande kidogo kifanyacho kazi ya valvu pasipo moto na pasipo kioo. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ya kutiwa mfukoni iliuzwa Marekani, na baada ya miaka michache redio za namna hiyo zikafika kila mahali. Betri ndogo za tochi zilitosha. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza habari za afya. Bibi wa Zinga alikuwa mmoja wao. Alitusimulia jinsi walivyokaa chini ya mwembe kuizunguka redio ndogo kama tofali, ilhali nyumbani kwake redio kubwa kuliko zote za kijiji ilikuwa ikitunza vikombe.

Sasa turudi kwenye redio yenyewe.

Tuliporudi Zinga tulikuwa na wanafunzi wetu wawili wa chuo, na pamoja nasi mzee mmoja fundi wa Kariakoo, aliyejifunza kazi hii ujanani mwake wakati taa zilikuwa bado zauzwa madukani. Bibi alitoa vikombe vyake kimoja kimoja. Chini ya kile cha mwisho tukakuta kijiti kilichozungushiwa waya mpya, haujatumika. Bibi akasema ni waya wa antena. Marehemu aliununua siku ile ile aliyoileta redio, akauweka tayari.

Jambo la kwanza tuliloonywa na mzee ni kutoichomeka. Watu wengi, tamaa ikiwashika, huichomeka redio ya zamani ili waone kama yasema, na katika dakika tano huharibu kitu kilichodumu miaka 70. Badala yake tuliitoa fremu ya chuma, tukafagia viota vya nyigu na mavi ya mende, tukasoma namba za taa. Zilikuwa tano: 6SA7, 6SK7, 6SQ7, 6V6 na 5Y3. Namba hizi ni kama cheti cha kuzaliwa. Taa za jamii ya 6SA7 na 6SK7 zilianza kuuzwa mwaka 1938, basi redio haikutengenezwa kabla ya hapo. Na tulipopangusa kioo cha mbele tukaona London, Paris, Roma, Cairo na Delhi, ila Dar es Salaam haimo. Tulidhani, wala hatuapi, kwamba wenye kiwanda waliuchapa uso ule kabla stesheni yetu haijazaliwa.

Kisha tukapima kwa mita. Transfoma ilikuwa nzima, nayo ndiyo ghali kuliko vyote. Nyuzi za taa zote tano hazikukatika. Lakini mpira uliofunika nyaya ulikuwa umekauka hata ukimomonyoka ukiguswa, kama mkate wa juzi, na nyaya tupu zilikaribia kugusana. Hizo tulizibadili zote. Na kapasita zote za karatasi zilikuwa zimeharibika.

Kapasita ya zamani ni karatasi nyembamba mbili za bati zilizotengwa kwa karatasi ya kawaida, zikaviringishwa pamoja na kufunikwa nta. Kazi yake ni kuipitisha sauti na kuuzuia umeme mkali usimamao. Katika nchi kavu pengine hukaa sana. Katika pwani yetu unyevu hupenya nta, karatasi ikalowana, umeme ukavuja. Na iko moja ambayo mzee aliiita mwuaji. Hukaa kati ya 6SQ7, ambayo ni valvu ya sauti, na 6V6, iendeshayo spika. Ikivuja, gridi ya 6V6 hupata umeme usio wake. Kile kibao cha mlango wa chumvi huinuliwa kisishuke tena. Umeme hupita bila kipimo, bamba la valvu huwa jekundu kama chuma cha mhunzi, valvu hufa, na mara nyingine huifuata transfoma. Basi tuliikata hiyo kwanza kabla ya zote, na katika mahali pake tukalehemu mpya. Zile kubwa mbili za kusafisha umeme tulizibadili pia, maana maji ya dawa yaliyokuwa ndani yake yalikuwa yamekauka, na redio iliyo na kapasita kama hizo huvuma kwa sauti nene isiyokoma.

Twaomba tuseme neno hapa kwa vijana wanaopenda kufungua vyombo. Ndani ya redio ya taa mna umeme wa volti 300 hivi, nao hubaki katika kapasita hata baada ya kuuchomoa waya ukutani. Mzee wetu alifanya kazi na mkono wake wa kushoto umo mfukoni, kila mara, hata redio ikiwa imezimwa. Mwanafunzi mmoja alicheka. Mzee akamwambia, "Mwanangu, umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, njia yake hupita moyoni." Mwanafunzi akatia mkono wake mfukoni.

Ilipofika siku ya kuichomeka tulitumia hila moja ya mafundi wa zamani, ambayo ni kuupitisha umeme kwanza katika taa ya kawaida ya nyumbani, ile ya uzi. Redio ikiwa na kasoro kubwa taa huwaka sana, na nguvu zote huishia humo. Redio ikiwa salama taa hung'aa kidogo kisha hufifia. Taa za namna hiyo sasa ni adimu madukani. Tuliipata kwa jirani afugaye vifaranga, ambaye huitumia kuwapa joto, nasi tulimrudishia kabla ya jua kuchwa.

Taa ya vifaranga iling'aa, ikafifia. Taa za redio zikaanza kuwa nyekundu moja baada ya moja. Harufu ya vumbi lipatalo moto ikajaa chumbani, na bibi, aliyekuwa amekaa juu ya mkeka, akasema, "Harufu hiyo naijua. Ndiyo ya kule kwa tajiri." Tulipima volti, zikawa sawa. Mzee akagusa gridi ya 6SQ7 kwa ncha ya bisibisi, spika ikanguruma. Maana yake nusu ya redio, kuanzia hapo mpaka kwenye spika, ilikuwa hai.

Lakini stesheni haikusikika hata moja. Tulizungusha mshale kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, tukapata ukimya mtupu.

Hapa ni lazima tueleze jambo moja la ndani. Redio hizi hufuata njia iliyobuniwa na Mmarekani Edwin Armstrong mwaka 1918. Badala ya kulikuza wimbi jinsi lilivyokuja, redio hutengeneza wimbi lake yenyewe ndani, hulichanganya na lile la mgeni, na kutokana na mchanganyiko huo hupata wimbi la tatu, la kipimo kimoja siku zote, ambalo ni rahisi kulikuza. Kwa hiyo kila redio ya namna hii ina stesheni ndogo ndani ya tumbo lake. Stesheni hiyo ikinyamaza, dunia yote hunyamaza. Kazi hiyo ni ya 6SA7.

Ili kujua kama stesheni ya ndani yafanya kazi, mzee aliomba redio ndogo ya bibi ya mkononi. Akaiweka karibu, akaweka mshale wa redio kubwa penye 600 na wa ile ndogo penye 1055, kwa kuwa tofauti ya mawimbi hayo mawili ni 455. Kama stesheni ya ndani ingalikuwa hai, redio ndogo ingalipiga mluzi au kukatika mvumo wake. Haikufanya neno.

Tukasema, basi valvu ya 6SA7 imekufa. Sisi ndio tuliosema, si mzee. Yeye alisema tuangalie kwanza. Lakini tulikuwa na haraka, tukaizima redio, tukaanza kuitafuta valvu. Valvu kama 6V6 bado zatengenezwa, maana wapigaji wa gitaa huzipenda, ila 6SA7 hupatikana katika akiba za kale tu. Ilituchukua majuma matatu na fedha ambazo hatutazitaja hapa. Tuliporudi Zinga tukaitia, ukimya ukawa ule ule. Twaandika habari hii kwa aibu, lakini tumeiandika kwa kuwa kosa hili ni la kila mwanafunzi: kubadili kitu kinachotolewa kwa urahisi, na kuacha kukitazama kisichotoka.

Mzee hakutulaumu. Alivaa miwani yake, akawasha tochi, akaitazama koili ya stesheni ya ndani kwa muda mrefu hata chai yake ikapoa. Kisha akatuita. Waya wa koili ile ni mwembamba kama unywele, na mahali ulipofungwa kwenye kikonyo chake palikuwa na kutu ya kijani, kidogo kama punje ya ulezi. Hewa ya chumvi ya Zinga ilikuwa imeula waya polepole hata ukakatika. Ukiutazama kwa mbali waonekana mzima. Alifungua nusu ya mzunguko mmoja wa waya, akaukwangua kwa wembe, akaulehemu. Kazi yenyewe haikuchukua hata robo saa. Tulirudisha ile 6SA7 ya kwanza, na redio ndogo ikapiga mluzi.

Ilikuwa karibu na magharibi, saa ambayo mawimbi ya kati huanza kusafiri mbali. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuupandisha waya wa marehemu mpaka katika mnazi ulio uani, na mwisho mwingine wakauingiza dirishani. Tulifungua. Kwanza ukaja mvumo, kama bahari ikisikiwa kutoka nyuma ya kilima. Kisha sauti ya mtu akisema Kiarabu, ikapotea, ikarudi. Kisha ngoma na zumari tusizozijua. Bibi hakusema kitu. Alikuwa ameuweka mkono wake juu ya sanduku, mahali penye joto.

Baada ya kitambo akauliza, "Dar es Salaam iko wapi hapo?"

Tulimweleza kwamba baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 stesheni nyingi zilifunguliwa, na kwamba nyingi zake hutumia mawimbi ya FM, ambayo redio hii haiyajui kwa sababu ilitengenezwa kabla hayajaenea. Uso wake ulionyesha kwamba maelezo hayo hayamtoshi. Ndipo mwanafunzi mmoja akakumbuka kwamba nyuma ya redio pana matundu mawili ya kutia waya wa gramafoni. Akaunga humo waya wa simu yake ya mkononi, akatafuta, akapata sauti ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja ambaye santuri zake za kwanza zilinaswa Bombay mwaka 1928. Sauti ile ikatoka katika spika ya karatasi, nene kidogo kuliko ilivyo katika simu, na mtoto aliyekuwa akipita njiani akasimama mlangoni.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba irudiwe. Ilipokwisha mara ya pili akamgeukia mjukuu wake, akavitazama vikombe vilivyopangwa sakafuni juu ya gazeti, akasema, "Haya basi. Hivi navyo tutaviweka wapi?"